Pondus, Nemi au Dunce: uanze na kibonzo kipi cha Norway?

Wanorwe ni wapenzi wakubwa wa vibonzo vya magazetini, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa na vya kwao vilivyokua hadi kupata majarida yake yenyewe, vitabu vyake vya jalada gumu na matoleo yake ya Krismasi. Kwa Mswahili anayeishi Norway, awe amekuja kusoma, kufanya kazi, au amepitia kambini Uganda na familia yake kutoka Kongo, vibonzo hivi ni darasa zuri la Kinorwe cha nyumbani. Ni kile kinachosemwa jikoni, kwenye kochi na mlangoni asubuhi, kile ambacho kitabu cha kozi hakikifikii.

Shida ni pa kuanzia. Vitatu vinatajwa mara kwa mara: Pondus cha Frode Øverli, Nemi cha Lise Myhre na Dunce cha Jens K. Styve. Ukimuuliza Mnorwe atakutajia anachokipenda yeye, na huenda kisikufae hata kidogo, kwa sababu yeye hahitaji kamusi wala hana mtoto wa miaka tisa anayechungulia begani huku akielewa kuliko mzazi wake. Kwa hiyo tuvipime kwa vigezo vilevile vitano: aina ya nyumba inayochorwa, ugumu wa lugha, umri wa anayekisoma, mambo ya Norway unayopaswa kuyajua kabla, na namna ya kukipata na pa kuanzia.

Nyumba tatu tofauti

Pondus ndicho chenye familia ya kawaida zaidi: baba, mama, watoto, na rafiki wa baba asiyekauka hapo nyumbani. Kilianza mwaka 1995. Pondus ni mwanamume wa makamo mwenye baa yake, shabiki wa Liverpool kufa na kupona. Mkewe ni Beate, mwanamke asiyepelekeshwa. Mtoto wao wa kiume anaitwa Sneipen, na wana binti pia. Rafiki ni Jokke, shabiki wa Leeds United, ambaye kwa miaka mingi ya kibonzo hiki alihangaika kutafuta mchumba bila mafanikio ya kudumu. Sehemu kubwa ya ucheshi hutoka kwenye ndoa: mambo madogo ya ndani ya nyumba yanayogeuka vita baridi ya siku tatu. Aliyeoa au kuolewa ataelewa hata maneno yakimpita.

Nemi kina nyumba isiyo na baba, mama wala watoto. Nemi Montoya ni mwanamke kijana wa Oslo, nywele nyeusi, nguo nyeusi, mpenda wanyama na hadithi za mazimwi, asiyetaka kabisa kuambiwa sasa amekuwa mtu mzima. Rafiki yake wa kufa na kuzikana ni Cyan, mwenye nywele za bluu. Familia hapa ni marafiki. Kwa msomaji aliyezoea nyumba yenye shangazi, binamu na wageni wa ghafla, hili linaweza kuonekana kama upweke. Lakini Norway watu wengi sana huishi peke yao, na kibonzo hiki kinayachora maisha hayo kutoka ndani, pamoja na raha zake.

Dunce ndicho kipya kati ya vitatu hivi. Kina baba, Jens K., kijana wake Gustav, na mbwa aitwaye Brego, huko kaskazini kabisa mwa nchi. Mchoraji mwenyewe ni mkazi wa Tromsø. Uhusiano wa baba na mwana ndio moyo wake: baba anayejikanyagakanyaga, mtoto mwenye fikra zake, na mazingira yaliyochorwa kwa upendo mkubwa, milima, theluji na mwanga wa kaskazini. Ukiwa mzazi unayelea peke yako, hapa utajiona mapema kuliko kwenye Pondus.

Lugha: hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo

Kabla ya kulinganisha, kuna kikwazo kinachovihusu vyote. Maneno ya ndani ya viputo huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kwenye kitabu cha kawaida, herufi kubwa katikati ya sentensi hukuambia kwamba hili ni jina la mtu. Kwenye kibonzo msaada huo haupo. Matokeo yake, msomaji mpya wa Pondus hukutana na SNEIPEN, akafungua kamusi, akapata “sneip”, yaani kipisi cha sigara kilichobaki baada ya kuvutwa, na “-en” ya mwisho inayoonyesha kitu kinachojulikana. Anaanza kujiuliza sigara imeingiaje mezani, kumbe mtoto ndiye anayeitwa. Dawa yake ni rahisi: kabla hujasoma, andika majina yote ya wahusika kwenye karatasi na uiweke ndani ya jarida. Pondus lenyewe ni neno la kawaida la Kinorwe, maana yake uzito wa mtu, ile hali ya kuheshimika anapoingia mahali.

Kikwazo cha pili ni vile vijineno vidogo ambavyo mwalimu huviacha hadi mwisho wa kozi. Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu lugha yetu inavyo pia. Chukua sentensi moja:

“Du har spist.” Umekula.
“Du har jo spist.” Si umeshakula!
“Du har vel spist?” Umekula, sivyo?
“Du har visst spist.” Kumbe umekula.
“Du har nok spist.” Nadhani umekula.
“Du har spist nok.” Umekula vya kutosha.

Tazama mbili za mwisho. Neno ni lilelile, “nok”, limehama tu mahali, na maana imegeuka kutoka kukisia hadi kumwambia mtu aache sahani. Na “jo” inafanya kazi ileile ya “si” yetu ya kumkumbusha mtu jambo analolijua vizuri. Ukishaliona hilo, nusu ya mabishano ya mke na mume katika vibonzo vya Norway yanafunguka, kwa sababu ugomvi hauko kwenye kitenzi, uko kwenye “jo”.

Sasa kimoja kimoja. Pondus ni mazungumzo mafupi ya kujibizana, fremu tatu au nne, na vijineno hivyo vimejaa. Sarufi si ngumu. Ugumu uko kwenye misemo ya mtaani, lugha ya mpira na matusi. Aliyefika ngazi ya A2 akielekea B1 (kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, vinavyoanzia A1 ya anayeanza hadi C2) atapata vibonzo viwili au vitatu katika kila vitano bila kamusi, na hicho ni kipimo kizuri cha kujifunzia.

Nemi ni kigumu zaidi. Mwenyewe huzungumza kwa sentensi ndefu, huchezea maneno, hudokeza muziki wa roki na hadithi za kale, na Lise Myhre hupenda pia kuchora mashairi mazima. Mashairi hayo ni mazuri mno kwa anayependa lugha, lakini yana maneno ya zamani yasiyosemwa dukani. Kisubiri hadi B2, au kisome kwa njia nitakayoieleza chini.

Dunce kina maneno machache zaidi, na pengine picha ndiyo inayobeba habari yote. Usidhani hiyo inamaanisha ni rahisi kila wakati. Maneno yakiwa machache, kila moja lina uzito, na kichekesho hukaa kwenye kile kisichosemwa. Hata hivyo mtu wa A2 hachoki nacho, na hilo lina thamani yake: anayemaliza kurasa kumi atarudi kesho.

Hakuna hata kimoja kitakachofunza sikio lako. Ukikaa Tromsø, “jeg” ya kitabuni mtaani ni “æ”, na “hva” ni “ka”. Kusoma kunajenga msamiati, lakini lafudhi utaipata kwa majirani.

Matusi, pombe na mtoto anayechungulia

Hili lisemwe wazi kwa sababu limewaletea aibu wazazi wengi. Picha za rangi na pua kubwa hazimaanishi kwamba jarida ni la watoto.

Pondus kina ulevi, mambo ya chumbani na vichekesho vya chooni, tena vingi. Nemi naye hunywa, hulaani na huzungumza wazi kuhusu wanaume. Dunce ndicho laini zaidi, ingawa nacho kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima.

Matusi ya Kinorwe yana tabia yake. Yale makali yanatoka kwenye dini: “faen” ni shetani, “helvete” ni jehanamu, na “jævla” pia ni la kishetani. Kwa Mnorwe wa leo maneno haya yamepoa kiasi, na kaskazini hutolewa kirahisi kuliko kusini. Katika nyumba ya Waislamu au Wakristo wanaochunga ulimi, uzito wake ni mwingine kabisa. Na hata kwa Wanorwe wenyewe, mtoto akiyasema kwenye chekechea, mzazi ataitwa pembeni. Kosa la kawaida la mtu mzima ni kubeba lugha ya Jokke hadi kazini akidhani ndiyo lugha ya kirafiki. Jokke anachekesha kwa sababu anasema yasiyosemwa.

Njia ya salama ni hii: soma jarida zima peke yako kwanza, bandika karatasi ndogo kwenye kurasa utakazosoma na mtoto, na anza na zile ambazo watoto wenyewe ndio wahusika. Kwa Pondus na Nemi ningesubiri hadi mtoto afikishe miaka 13 hivi. Dunce kinaweza kuanza mapema, mkisoma pamoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivi kinachofaa kama msingi. Mchukulie Donald Duck & Co, jarida linalotoka Norway tangu Desemba 1948 na linalopatikana karibu kila maktaba.

Jambo jingine la kumweleza mtoto, na kujieleza mwenyewe: watoto katika vibonzo hivi humjibu mzazi moja kwa moja, kwa “du” ileile wanayoitumia kwa wenzao. Kinorwe cha leo hakina shikamoo, na “De” ya heshima imekaribia kufa kabisa. Mtoto anayesema “du” kwa mwalimu wake hajamkosea adabu. Nyumbani mkitaka kuendelea na adabu yenu, elezeni kwamba kila lugha ina mlango wake.

Yale ambayo mchoraji anadhani unayajua

Pondus kinakuomba ujue mpira wa Uingereza, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya mwalimu. Lakini kwa nini Mnorwe wa makamo ashabikie Leeds? Televisheni ya taifa, NRK, ilianza kuonyesha mechi za Uingereza moja kwa moja kila Jumamosi tarehe 29 Novemba 1969, Wolverhampton Wanderers na Sunderland. Kipindi hicho kilijulikana kama tippekampen, kwa kuwa mechi hizo zilikuwemo kwenye mkeka wa kubashiri matokeo. Miaka iliyofuata Leeds walikuwa moto, kisha Liverpool wakatawala, na watoto waliokaa mbele ya televisheni majira hayo ya baridi wakachagua timu za maisha. Ukilijua hilo, Pondus na Jokke wanakuwa watu wa rika fulani lenye historia yake.

Jingine ni pombe. Ukiacha baa na mikahawa, kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 4.7 kwa kawaida huuzwa tu na Vinmonopolet, maduka ya serikali, ambayo Jumamosi hufunga mapema na Jumapili hayafunguliwi. Haraka ya Jumamosi mchana inaeleweka kwa hilo.

Nemi kinaomba zaidi: muziki wa metali, Tolkien (mwandishi wa The Lord of the Rings), ngano za mazimwi wa Skandinavia. Asiyekuwa na hamu na ulimwengu huo atapitwa na mengi, na kumlazimisha hakusaidii.

Dunce kinaomba ujue jiografia. Tromsø iko karibu digrii 69 kaskazini. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na tangu karibu tarehe 20 Mei hadi wiki ya tatu ya Julai halitui. Kipindi cha giza huitwa mørketid. Mtu aliyekulia kwenye ikweta, ambako magharibi huingia karibu saa ileile mwaka mzima, aliweke hili kichwani kabla ya kusoma, la sivyo hataelewa kwa nini mwangaza wenyewe unaweza kuwa habari.

Vyote vitatu vinakudhani unajua chakula cha mchana cha Kinorwe, matpakke: vipande vya mkate vilivyopakwa maini ya kusaga au kuwekewa jibini ya kahawia, kimoja juu ya kingine, na kati yake karatasi nyembamba iitwayo mellomleggspapir ili visigandane, kisha kufungwa kwa karatasi ya kuzuia mafuta. Kila asubuhi ya siku za shule mzazi yumo jikoni akivitengeneza. Hakuna wali, hakuna kitu cha moto. Mtoto wako akiomba matpakke badala ya chapati, hajakukataa. Anataka kufanana na wenzake mezani.

Pa kuvipata na namna ya kuanza

Kuna njia nne. Gazeti la kila siku linakupa kibonzo kimoja kwa siku, na kimoja kinatosha. Jarida, ambalo Pondus amekuwa nalo tangu mwaka 2000, linachanganya vibonzo vyake na vya wachoraji wengine, kwa hiyo utakutana pia na usichokitafuta. Kitabu cha mkusanyiko hufuata mpangilio, na ndicho kinachofaa zaidi kwa kujua wahusika. Mwisho ni julehefte, kijitabu cha Krismasi kilicholala kwa upana, kinachoanza kuonekana madukani miezi ya mwisho wa mwaka. Kwa desturi watoto hupita nyumba hadi nyumba wakichukua oda za vijitabu hivi, basi usishangae mlango ukigongwa.

Kabla ya kununua chochote, nenda maktaba. Kadi ni bure, na Baraza la Utamaduni la Norway lina mpango wa kununua vibonzo vya Kinorwe na kuvigawa kwa maktaba za umma. Kisichokuwepo kinaweza kuagizwa kutoka maktaba nyingine.

Kwa Pondus, anza na mkusanyiko wa zamani, si toleo la mwezi huu. Baada ya miaka mingi wahusika wameongezeka, na toleo jipya linadhani unawajua wote. Kwa Dunce anza na kitabu cha kwanza, kwa kuwa ni kipya na mfululizo wake si mrefu. Nemi hakina haja ya mpangilio mkali. Hiki ndicho chenye faida moja kubwa kwa anayejua Kiingereza: kimekuwa kikichapishwa kwa Kiingereza katika gazeti la Metro la Uingereza. Soma Kinorwe kwanza, kisia, ndipo utafute Kiingereza. Ukifanya kinyume ubongo unalala.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, vibonzo vinne. Kisome chote bila kamusi. Rudi fremu ya mwisho uulize, kilichogeuka ni nini? Tafuta neno moja tu, lile lililogeuza. Kisha sema fremu ya mwisho kwa sauti. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale wanaosoma arobaini kwa usiku mmoja wakichambua kila neno. Wiki haijaisha wameliweka jarida chini. Wengine hupiga picha ukurasa na kuiachia programu ya simu itafsiri. Inatafsiri majina ya watu, inameza “jo” na “vel”, na kichekesho kinatoka kimekufa.

Kwa hali yako

Una mke au mume na watoto, unafuatilia Ligi Kuu ya Uingereza, na Kinorwe chako kinakaribia B1: Pondus. Kiweke rafu ya juu watoto wakiwa wadogo.

Unalea mtoto peke yako, au unataka kitu cha kusoma naye kitandani, au ndiyo kwanza umehamia kaskazini na giza limeanza kukulemea: Dunce.

Unaishi peke yako, unajua Kiingereza, unapenda ushairi na hadithi za ajabu, na kozi za Kinorwe zimekuchosha: Nemi. Hata aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, asiye na neno la Kinorwe, anaweza kuanza nacho kwa Kiingereza.

Unajiandaa na mtihani wa Kinorwe wiki chache zijazo: acha vyote vitatu kwa sasa. Mtihani hauulizi misemo ya baa. Rudi ukishafaulu.

Na kama nyumbani kuna kijana wa miaka 15 ambaye Kinorwe chake kimekupita, mpe Pondus akusomee wewe. Muulize “jo” hapo ina maana gani. Atalazimika kutafuta Kiswahili chake ili akueleze, na mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kinampotea.